Reale ya Sham: Tarehe Isikubabaishe

Ukipita kwenye maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, Unguja, hukosi kuonyeshwa sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mama mnene wa Kizungu upande mmoja na tai wa vichwa viwili upande wa pili. Muuzaji ataigeuza, ataweka kidole chini ya tarehe na kukwambia, "Soma mwenyewe." Utasoma 1780. Hapo ndipo wanaoanza kukusanya sarafu wanapotoa pesa nyingi kuliko inavyostahili.

Huyo mama ni Maria Theresa, mtawala wa Austria na malkia wa Hungaria, na dola yake wazee wa pwani waliiita reale ya Sham. Walikuwa nayo pia reale ya mzinga, yaani dola ya Kihispania, kwa kuwa nguzo mbili zilizochorwa juu yake zilionekana machoni mwa watu kama mizinga. Maria Theresa alifariki Novemba 1780. Lakini wafanyabiashara wa Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu walikwisha kuizoea sura yake, na sarafu yenye sura nyingine waliitazama kwa jicho la shaka. Basi viwanda vikaendelea kuipiga ileile, kwa tarehe ileile, mwaka baada ya mwaka. Mussolini alipojiandaa kuivamia Uhabeshi mwaka 1935, alipata mihuri ya kuipigia kutoka Austria, akaanza kuitengeneza Roma. Waingereza, Wafaransa na Wabelgiji hawakukubali kuachwa nyuma, wakapiga zao London, Paris na Brussels, na wakati wa vita hata Bombay. Zote zimeandikwa 1780. Kiwanda cha Vienna kinaipiga mpaka leo.

Kwa hiyo sarafu uliyoshika inaweza kuwa ya 1780, ya 1880, ya 1936 au ya mwaka jana. Wapo watakaokuonyesha herufi S.F. chini ya sura ya malkia kama ushahidi wa ukale. Ni kweli herufi hizo ni za maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby, lakini zilinakiliwa pamoja na kila kitu kingine. Kinachotofautisha kiwanda na kiwanda ni mambo madogo sana: idadi ya lulu kwenye bruchi ya malkia, manyoya ya mkia wa tai, nukta katikati ya maneno. Kuyasoma kunataka kioo cha kukuzia na mazoezi ya miaka. Asiyekuwa nayo asilipie ukale asioweza kuuthibitisha.

Ushauri wangu ni huu: inunue kwanza kama fedha. Reale ya Sham ina uzito wa gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha, zilizobaki ni shaba. Fedha tupu ni gramu 23.4 hivi. Soko la dunia hupanga bei ya fedha kwa wakia ya gramu 31.1, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: chukua bei ya wakia siku hiyo, toa robo, kinachobaki ndicho thamani ya fedha iliyomo. Wakia ikiwa dola 40, fedha ya reale ni dola 30. (Usiichanganye na wakia ya wazee wetu, ambayo ilikuwa uzito wa reale yenyewe.) Muuzaji ana haki ya kuongeza faida yake juu ya hapo. Akikutajia mara mbili au tatu, muulize ni kwa sababu gani, na jibu lisiwe "ni ya zamani".

Kabla ya bei, hakikisha ni fedha kweli. Sumaku isiishike, ingawa hilo halitoshi, maana madini mengi ya bandia hayashikwi pia. Kipenyo chake ni kama milimita 40. Tazama ukingo: lazima uone maneno ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, pamoja na mapambo. Ukingo huo ulikuwa kinga dhidi ya wajanja waliokuwa wakikwangua fedha pembeni kisha wakaitumia sarafu kama nzima. Ukingo ukiwa laini, au una mstari wa kuungia unaouzunguka, irudishe.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha maji. Tafuta mzani mdogo wa sonara unaosoma sehemu za gramu. Weka juu yake glasi ya maji, urudishe mzani kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, uishike ikiwa imezama yote bila kugusa chini wala ubavuni. Mzani utasoma ujazo wa sarafu. Reale halali itakupa karibu 2.75. Ikisoma 3.2 huku uzito wake mkavu ni uleule wa gramu 28, umeshika shaba iliyopakwa fedha. Hakuna kinachokwaruzwa, na sonara yeyote ataelewa unachofanya.

Ukishainunua, usiisugue. Reale yangu ya kwanza niliisugua kwa majivu na limau mpaka ikang'aa kama sufuria mpya, nikajiona fundi. Mkusanyaji mwenzangu aliitazama mara moja tu akanirudishia. Ule weusi wa fedha ya kale ndio anaoutafuta mnunuzi, na ukishaondoka haurudi kama ulivyokuwa. Zenye tundu au alama ya kulehemiwa, zilizowahi kuvaliwa kwenye vidani, mimi nazipenda, lakini sizilipii zaidi ya fedha yake.

Kwa walio Marekani, mlango wa kwanza huwa dola ya Morgan, iliyopigwa 1878 hadi 1904 na tena 1921: gramu 26.73, fedha sehemu 900. Huko tarehe ni tarehe kweli, ila hatari imehamia kwenye herufi ya kiwanda. Mwaka 1893 San Francisco ilipiga 100,000 tu, kwa hiyo wapo wanaobandika S kwenye sarafu ya kawaida. Ya bei kubwa inunue ikiwa imekaguliwa na kufungwa kwenye kasha na kampuni ya ukaguzi ya PCGS au NGC, na namba ya cheti uitafute mwenyewe kwenye tovuti yao, maana hata makasha yao yanaghushiwa.

Imebaki reale ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ya fedha, yenye maandishi ya Kiarabu na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Pesa zake za shaba, zenye picha ya mizani, ni nyingi na ni mwanzo mzuri kwa mtu wa mfuko mdogo. Reale yenyewe ni adimu, na ukiletewa kwa bei rahisi, usitoe hata shilingi kabla hajaitazama mtu wa pili asiyekuwa ndugu wa muuzaji.