Nikaha Bila Bomani: Hukumu Inayowagusa Waliooana Uingereza

Kama mlifunga nikaha London, Leicester au Milton Keynes, mbele ya shehe, walii na mashahidi wawili, mahari ikatajwa na pilau ikaliwa, kisha hamkwenda bomani kabla wala baada ya siku hiyo, basi kwa sheria ya Uingereza na Wales ninyi si mume na mke. Mbele ya Mungu na mbele ya wazee mmeoana. Mbele ya jaji mnahesabiwa watu wawili wanaoishi nyumba moja.

Najua maneno haya yanaudhi, na kuna wazee wetu watakaoyasoma kama kuidharau nikaha. Nayaandika kwa sababu akina dada wanaoniuliza kuhusu jambo hili huniuliza wakiwa wameshachelewa, mabegi yako mlangoni na watoto wako kwa jirani. Wanauliza: nimeishi naye miaka yote hii, nimemzalia, sina haki yoyote?

Swali hilo lina mantiki yake, maana wengi wetu tumekulia kwenye sheria inayofikiri vingine. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi hadi watu wakawajua kuwa ni mume na mke, mahakama itachukulia kuwa wameoana, mpaka anayepinga alete ushahidi wa kinyume. Yaani hata wasiofunga ndoa yoyote wana pa kusimama, seuze waliosomewa khutba ya nikaha! Kenya nako mahakama zinaitambua dhana hiyo, ingawa Mahakama ya Juu, katika hukumu ya Januari 2023, iliiwekea masharti makali. Katika kesi hiyo mwanamke alikuwa tayari ana mume mwingine, kwa hiyo majaji walikataa kusema alikuwa ameolewa na yule aliyeishi naye. Hata hivyo waligawa mali yao, asilimia 70 kwake na 30 kwa mwanamume, kwa kuangalia nani alichangia nini.

Halafu kuna kesi ya Bi Hawa, ambayo kila aliyesoma sheria Dar es Salaam anaijua. Mahakama ya Mwanzo ilimnyima mgawo wa nyumba kwa hoja kwamba yeye alikuwa mke tu, na nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Mahakama Kuu haikumsaidia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema kupika, kufua, kulea na kuitunza nyumba ni kazi, na kazi hiyo ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu. Mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzishia biashara, zikaishia mikononi mwake, na majaji wakaona fungu lake lilikuwa limekwisha kuliwa humo. Lakini kanuni ilibaki, na wanawake waliokuja baada yake wameitumia miaka yote hii.

Basi linganisha na Uingereza ya wakati uleule. Katika kesi ya Burns, iliyoripotiwa mwaka 1984, mwanamke alikuwa ameishi na mwanamume miaka 19 bila kuoana. Walizaa watoto wawili, naye akatumia jina la ukoo la mwanamume huyo. Alilea, akapika, na alipoanza kupata kipato chake akalipia bili na vyombo vya ndani. Nyumba ilikuwa kwa jina la mwanamume. Mahakama ya Rufaa ilimwonea huruma kwa maneno, na katika nyumba haikumpa hata tofali moja. Majaji walisema kwamba angekuwa ameolewa, sheria ya talaka ingewapa uwezo wa kumgawia. Kwa kuwa hakuolewa, waliloweza kuangalia ni umiliki tu, na ulezi haukuwa umemfanya mmiliki. Hukumu za baadaye, hasa zile za mwaka 2007 na 2011 kutoka mahakama za juu kabisa, zimelegeza kamba kiasi. Hata hivyo mzigo wa kwanza bado uko kwa yule ambaye jina lake halimo kwenye hati: athibitishe kwamba walikusudia nyumba iwe ya wote wawili. Na makubaliano ya namna hiyo, ambayo kwa kawaida huzungumzwa chumbani, nani atayatolea ushahidi?

Suala lililobaki kwa Waislamu lilikuwa hili: je, mwanamke aliyefungishwa nikaha hapa Uingereza awekwe na yule wa kesi ya Burns, au awekwe na wake? Jibu lilitoka kwenye kesi ambayo mawakili huiita Akhter kwa kifupi.

Mwezi Desemba 1998, katika mgahawa mmoja wa Southall, magharibi mwa London, shehe alifungisha nikaha mbele ya wageni wapatao 150. Maharusi hawakuwa Waswahili, ila harusi yao ungeitambua. Maelewano yalikuwa kwamba ndoa ya serikali ingefuata. Mke akawa anakumbusha, mume akawa anaahirisha. Watoto 4 wakazaliwa. Familia ikahamia Dubai kwa miaka kadhaa, na huko walichukuliwa kuwa mume na mke bila mtu kuuliza. Mwaka 2016 wakatengana, baada ya mume kutaka kuoa mke mwingine. Mke alipofungua shauri la talaka, mume alijibu kwamba hapakuwa na ndoa ya kuvunja.

Mwezi Julai 2018 Jaji Williams wa Mahakama Kuu alitafuta njia ya katikati. Alisema ile nikaha, ikitazamwa pamoja na nia yao ya kwenda bomani na maisha waliyoishi baadaye, ilikuwa ndoa batili. Msomaji anaweza kudhani kuambiwa ndoa yako ni batili ni kushindwa. Kwa sheria ya Uingereza ni kinyume chake, maana ndoa batili hutolewa amri ya ubatili, na amri hiyo humfungulia mwanamke mlango uleule wa talaka: mgawanyo wa nyumba, matunzo, hata pensheni ya mume. Akina dada wengi walishangilia siku ile, na walikuwa na kila sababu.

Furaha haikudumu. Wawili hao walimalizana wenyewe na hawakushiriki tena, lakini Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa kwa sababu jambo lilikuwa limeshakuwa la nchi nzima. Tarehe 14 Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ilitengua. Ilisema nikaha ya Southall haikufikia hata kuwa ndoa batili, kwa sababu hapakuwa na notisi iliyopelekwa kwa msajili, mahali penyewe hapakusajiliwa kwa kufungishia ndoa, na hapakuwepo ofisa mwenye mamlaka. Tena wahusika wenyewe walijua hayo. Nia ya kufunga ndoa nyingine baadaye haiwezi kuibadilisha sherehe ya kwanza. Majaji walisisitiza kwamba mtu lazima ajue hadhi yake tangu siku ya harusi, isije ikategemea jinsi mambo yatakavyokwenda miaka 18 mbele.

Hoja hiyo ya mwisho naielewa. Jamii yoyote inahitaji kujua nani ameolewa na nani hajaolewa. Ninachokataa ni mahali mzigo ulipotuliwa. Mume aliyeahirisha bomani kwa miaka ndiye aliyenufaika na kuahirisha kwake, na mke aliyekuwa akikumbusha ndiye aliyebebeshwa gharama. Kingine kinachouma ni kwamba sheria ya ndoa ya nchi hii, tangu mwaka 1753, imewaruhusu Wayahudi na Wakweka kuoana kwa taratibu zao bila kubanwa na masharti ya jengo. Tume ya Sheria ilipendekeza mwaka 2022 kwamba sheria iache kuliangalia jengo na imwangalie anayefungisha ndoa, kama ilivyo Uskochi, ambako shehe aliyeidhinishwa anaweza kufungisha ndoa halali, ilimradi maharusi wamechukua karatasi zao kwa msajili. Pendekezo si sheria, na mtu asijenge nyumba juu yake.

Matokeo yake kwa familia yanaonekana kwenye vitu vya kawaida kabisa. Mwanamume akifa bila kuandika wosia, mke wa nikaha pekee si mrithi wake kwa sheria ya hapa. Aliyeishi naye nyumba moja kwa miaka 2 mfululizo hadi siku ya kifo anaweza kuiomba mahakama impatie cha kujikimu kutoka kwenye mirathi, lakini atakwenda kuomba, huku ndugu wa marehemu wakiwa na haki ya kupinga. Wakiachana, watoto wanalindwa kwa kiasi fulani, kwa kuwa mahakama inaweza kumwamuru baba atoe hata nyumba ya kuwalelea. Nyumba hiyo hutolewa kwa ajili ya watoto. Wakimaliza masomo kwa kawaida humrudia baba, na mama anabaki na umri wake.

Hapa kuna jambo linalowachanganya watu kila mara, kwa hiyo nalieleza taratibu. Yote niliyosema yanahusu nikaha iliyofungwa ndani ya Uingereza na Wales. Waliooana Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam au Maskati, kwa utaratibu unaokubalika huko, ndoa yao inatambuliwa hapa, maana namna ya kufunga ndoa huamuliwa na sheria ya mahali ilipofungwa. Dada aliyeolewa Mombasa na cheti chake anacho ni mke kamili; mdogo wake aliyeolewa sebuleni London kwa khutba ileile si mke. Hata nikaha ya kwa wakala ina msingi. Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Apt iliyoripotiwa mwaka 1948, ilikubali ndoa ambayo bibi harusi alikuwa London na mwakilishi wake akasimama badala yake Buenos Aires, kwa kuwa sheria ya Argentina iliruhusu. Tunzeni vyeti hivyo. Kilichoandikwa kwa mkono na kadhi miaka ya 1980 kina thamani kuliko video nzima ya harusi.

Upande wa talaka mambo hugeuka. Ndoa ya nyumbani inatambuliwa, lakini talaka aliyoandika mume akiwa Leicester, hata ikipelekwa kwa kadhi Unguja, haivunji ndoa hiyo kwa sheria ya Uingereza. Ndani ya nchi hii ndoa huvunjwa na mahakama tu. Mwanamume mwenye makazi ya kudumu hapa anayetoa talaka ya namna hiyo kisha akaenda kuoa kwao, huyo mke mpya ndoa yake itahesabiwa batili hapa, kwa sababu ile ya kwanza bado hai.

Kwa ambao bado hawajaoana, utaratibu wenyewe si mgumu. Wote wawili wanakwenda kwa msajili na pasipoti na uthibitisho wa makazi, wanatoa notisi, inabandikwa siku 28 zisizopungua, kisha wanafunga ndoa mbele ya ofisa na mashahidi wawili. Ipo misikiti iliyosajiliwa ambapo nikaha na karatasi ya serikali hukamilishwa kikao kimoja; muulizeni imamu kabla ya kuchapisha kadi. Na nawaomba mashehe wetu kwa heshima zote: msifungishe kabla ya kuona karatasi ya bomani. Jopo huru lililochunguza mabaraza ya sharia, likiongozwa na Profesa Mona Siddiqui, lilipendekeza mwaka 2018 ndoa ya serikali itangulie nikaha au iende nayo pamoja, na yeyote aliyewahi kuketi na mwanamke aliyetolewa mikono mitupu ataona kwa nini.

Walio tayari kwenye nikaha bado wanaweza kwenda. Nikaha haifutwi wala hairudiwi. Cheti kitaanza tarehe ya siku hiyo, ila ikitokea talaka baadaye, mahakama kwa kawaida huihesabu miaka ya kuishi pamoja iliyotangulia kama sehemu ya ndoa.

Mume akikataa, dada yangu, usingoje miaka 18. Taka jina lako liingie kwenye hati ya nyumba, au wakili aandike waraka unaotaja fungu la kila mmoja. Taka wosia. Michango yako ya mkopo wa nyumba ipite benki, kwa akaunti yako, isiende taslimu mkononi mwake.