Hesabu ya ndoo tatu za viazi

Karai langu la kukaangia chipsi nililiuza Sh35,000. Nilikuwa nimelinunua Sh60,000 wiki saba tu kabla ya hapo. Aliyelichukua ni yule yule kijana niliyemwajiri kukaanga. Alinihesabia pesa palepale kibandani, noti zinazonuka mafuta, kisha akasema, "Pole, bosi." Nikamjibu kwamba Tabata pagumu, watu hawana hela.

Hiyo ilikuwa mwaka 2016. Kwa muda mrefu nilisimulia kisa hicho hivyo hivyo: eneo baya, mvua za masika, wateja wanaoomba nyongeza ya kachumbari utadhani wanadai urithi. Zaidi ya yote nilitaja mtaji mdogo. Mjini hapa ukitaka watu wakuonee huruma, sema ulikwama mtaji. Hakuna atakayekuuliza swali la pili.

Mimi niliulizwa, na aliyeniuliza ni yule kijana. Tulikutana tena baada ya miaka mitatu, akiwa na banda lake mwenyewe na karai langu likiwa jikoni kwake, jeusi tii. Nilianza wimbo wangu wa mtaji. Akanisikiliza mpaka mwisho, akageuza chipsi, akauliza: "Kwani bosi, wewe ulikuwa unajilipa shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilichukua karatasi nikaanza kuhesabu, na pale nilipokwama nilimpigia simu, maana kumbukumbu zote za biashara yangu zilikuwa kichwani mwa mwajiriwa wangu.

Tulikuwa tunakaanga ndoo tatu za viazi kwa siku. Ndoo moja tuliinunua Sh13,000. Mafuta yaliyoliwa na ndoo hiyo tuliyakadiria Sh5,500, mkaa Sh2,000, kisha nyanya, kabichi, sosi ya tomato na mifuko Sh2,500. Jumla Sh23,000. Ndoo hiyo ilitoa sahani 18 za chipsi kavu kwa Sh1,500, yaani Sh27,000. Faida Sh4,000 kwa ndoo, Sh12,000 kwa siku. Mayai siyahesabu, yaliyopasuka njiani yalikula faida ya yaliyofika mazima.

Katika hiyo elfu kumi na mbili, kijana nilimlipa elfu saba kila jioni. Kodi ya eneo ilikuwa Sh50,000 kwa mwezi, ambayo ukiigawa kwa siku ni kama Sh1,700. Zinabaki Sh3,300. Na mimi, tajiri mwenye banda, kila jioni nilipita nikitoka kazini, nikafungua droo, nikachukua elfu kumi. Niliiona ni pesa ndogo. Wakati mwingine niliona hata najinyima.

Kwa maneno mengine, kila siku nilikuwa nakula Sh6,700 za mtaji nikidhani ni faida. Nilianza na Sh800,000: laki nne na nusu zikaenda kwenye kabati la vioo, jiko, karai na meza, ikabaki laki tatu na nusu ya kuzungusha. Gawanya kwa Sh6,700 upate siku 52. Banda langu lilikufa wiki ya nane. Mvua haikuhusika, na wateja wa Tabata niwaombe radhi.

Ningeongezewa mtaji wa milioni moja ningefika mbali zaidi, kweli. Ningefika miezi saba.

Nayasimulia haya kwa sababu kila wiki kuna kijana ananiambia anatafuta mtaji, na karibu wote wamepita kwenye semina. Semina zetu za ujasiriamali zina kasoro moja: zinafundisha mtu kuthubutu, halafu zinamwacha hapo. Badilisha mtazamo, ota ndoto kubwa, acha kazi ya kuajiriwa. Anayetoka pale anatembea kama ameoga maji ya baraka, lakini hajui viazi vya ndoo moja vinatoa sahani ngapi. Kuthubutu kwenyewe si haba kwa watu wetu. Mama anayeamka saa tisa usiku kuchoma vitumbua, na mtoto mgongoni, umfundishe kuthubutu kitu gani?

Mfano unaopendwa kwenye semina hizo ni wa marehemu Reginald Mengi, aliyefariki mwaka 2019. Tunaambiwa alianza kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake miaka ya 1980, akaishia na viwanda, magazeti na televisheni. Ni kweli. Ila wasimulizi huruka kipande ambacho mimi naona ndicho chenye nyama. Mengi alikuwa mhasibu aliyesomea Uingereza, na wakati kalamu zinaunganishwa nyumbani bado alikuwa na kazi yake katika kampuni ya uhasibu ya Coopers & Lybrand. Aliiacha mwaka 1989, biashara ikiwa imeshasimama. Kwa hiyo kalamu zile zilikuwa na mwenyewe anayejua kuhesabu, na mwenyewe huyo hakutegemea kalamu kununua unga. Mimi pia nilikuwa na mshahara, na ndiyo maana aibu yangu ni kubwa zaidi. Ile elfu kumi ya droo sikuwa hata na shida nayo.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu, wa kukimbilia biashara kwa sababu jirani amefanikiwa. Wakenya hawajasahau kware. Mwaka 2013 mayai yake yalisifiwa kuwa dawa ya kila kitu, bei ikapanda, watu wakajenga mabanda. Mwanzoni mwa 2014 kila mtu alikuwa na kware na hakuna mnunuzi. Waliowahi walipata faida kwa kuwauzia waliochelewa vifaranga. Kabla ya kuingia kwenye biashara ya namna hii, muulize anayekushawishi swali moja tu: wewe unamuuzia nani? Kama jibu ni "nawauzia wanaotaka kuanza," shika njia yako.

Sasa turudi kwenye daftari. Shuleni tuliimba kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, tukapata alama zetu za methali, tukaenda mtaani kuuza bila daftari. Wengi wanaogopa kwamba daftari ni la Mamlaka ya Mapato, TRA. Nenda kaangalie viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa mwaka 2019. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, hulipi. Mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu analipa Sh100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Chukua mama wa maandazi anayeuza kama Sh13,700 kwa siku, yaani milioni 5 kwa mwaka. Akiandika analipa Sh30,000. Asipoandika, laki moja. Bei ya kaunta buku haifiki hiyo tofauti ya elfu sabini hata kwa mbali.

Daftari pia ndilo linalokuambia ukope au usikope. Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawiwa wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2, hauna riba. Ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudi 2024. Ni pesa nzuri. Lakini biashara yenye faida ya Sh3,300 kwa siku haiwezi kurejesha Sh5,000 kwa siku, uwe na riba usiwe nayo. Hapo ndipo watu huenda kwa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, kulipa mkopo wa kwanza, na siku ya rejesho ikifika mama anajifungia ndani, watoto wamefundishwa kusema hayupo. Mzigo wa mali kauli ni vivyo hivyo. Wenye maduka Kariakoo hukupa bidhaa ukauze ndipo ulipe, na hiyo ni heshima kubwa kwa mtu asiye na kitu. Tatizo ni kwamba pesa ya mauzo inalala mfukoni mwako usiku mmoja kabla haijarudi kwa mwenyewe, na usiku huo ndio shemeji anapiga simu.

Ndugu ni sura yake peke yake na sitaimaliza hapa. Huwezi kumwambia mjomba aliyekusomesha kwamba duka si lako. Dada mmoja mwenye genge alinionyesha dawa yake: kopo la maziwa ya unga juu ya shelfu, analitumbukizia Sh1,000 kila siku. Ndugu akija na shida, anasaidiwa kwa kilichomo kwenye kopo. Kopo likiwa tupu anamwambia, bila kuudhi, "Shangazi, kwa leo hapajakaa vizuri, pita Jumamosi." Genge haliguswi. Na ni kweli hapajakaa vizuri, hivyo hajadanganya.

Mwezi uliopita nilipita tena kwa yule kijana. Sasa ana mabanda mawili. Chini ya kabati la vioo kuna kaunta buku lenye madoa ya mafuta, kurasa zimegawanywa kwa rula: zilizoingia, zilizotoka, na safu ya tatu ameandika "mimi". Nilifungua kurasa za mwanzo. Kwenye safu hiyo, siku baada ya siku, imeandikwa 7,000. Nikamuuliza kwa nini elfu saba. "Si ndiyo uliyokuwa unanilipa, bosi? Niliona kama nilikuwa naishi nayo, niendelee nayo." Alijipandishia hadi elfu kumi banda la pili lilipotimiza mwaka.

Niliagiza zege la chipsi na mayai mawili, na mshikaki mmoja, nikala taratibu, tukapiga stori za zamani. Nilipoinuka kuondoka nikampa mkono. Akaushika, akatabasamu.

"Bosi, elfu tatu na mia tano."

Nikalipa. Akaandika.