Herufi Moja Katika Damu

Kati ya "kula" na "kufa" kuna tofauti ya herufi moja tu. Mwili wa binadamu nao una maandishi yake, yaani vinasaba, na humo imo herufi moja iliyobadilika ambayo imewaua watoto wengi wa Afrika na kuwaokoa wengine wengi. Kisa chake kinaanzia kwenye chembe nyekundu ya damu.

Chembe hiyo ina umbo la kitumbua kilichobonyezwa katikati. Uboho wa mifupa hutengeneza takriban chembe milioni 2 kila sekunde, usiku na mchana. Kabla ya kuingia kazini, kila chembe hukitupa nje kiini chake ili ipate nafasi ya kubeba himoglobini, protini inayosafirisha oksijeni. Chembe moja hubeba molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270. Lakini bila kiini haiwezi kujikarabati, hivyo huishi siku 120 hivi, kisha huondolewa. Katika uhai wake huo mfupi hupita kwenye mishipa myembamba kuliko upana wake yenyewe, ikijikunja na kujinyoosha kama kitambaa.

Mtu mwenye ugonjwa wa selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita, chembe zake hukosa wepesi huo. Himoglobini imeundwa kwa minyororo ya asidi amino, na mmoja wa minyororo hiyo una asidi amino 146. Herufi moja ya vinasaba ikibadilika, asidi amino ya sita huwa nyingine. Tofauti ni ndogo kiasi hicho, lakini himoglobini ikishaiachia oksijeni, molekuli zake hushikana na kuwa nyuzi ngumu. Kitumbua hugeuka mundu. Chembe hizo hukwama kwenye mishipa na kuleta maumivu makali ya mifupa, kisha hufa baada ya siku 10 hadi 20. Uboho hauwezi kwenda na kasi hiyo, na mgonjwa hupungukiwa damu.

Kwa nini basi kasoro mbaya namna hii haikutoweka zamani? Swali hilo lilimkalia kichwani Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea udaktari Oxford. Mwaka 1949 alipima damu za watu sehemu mbalimbali za Kenya. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na kinasaba chenye kasoro hiyo. Nyanda za juu zenye baridi, hawakufikia hata mmoja katika 100. Allison akajiuliza: pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakuna? Jibu lilikuwa mbu wa malaria.

Baadaye aliwaambukiza malaria watu 30 waliojitolea, jaribio ambalo leo huenda lisingeruhusiwa. Kati ya 15 wasio na kinasaba cha selimundu, 14 walipata vimelea kwenye damu. Kati ya 15 waliokuwa nacho, walipata 2 tu. Matokeo aliyachapisha mwaka 1954.

Siri iko kwenye hesabu. Kila mtu hupokea nakala mbili za kinasaba cha mnyororo ule wa himoglobini, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja iliyobadilika kwa kawaida huishi bila ugonjwa, na kimelea cha malaria hakistawi vizuri ndani ya chembe zake. Maelezo mojawapo ni kwamba chembe iliyovamiwa hugeuka mundu upesi, nayo bandama huiondoa pamoja na mvamizi wake. Mtu huyo anaweza kuugua malaria, ila mara nyingi haiwi kali. Mwenye nakala mbili ndiye mgonjwa, na kwake malaria ni hatari kubwa, kwa hiyo chandarua na dawa za kinga ni vya lazima.

La kushangaza zaidi, mtoto mwenye nakala mbili zilizobadilika huzaliwa akiwa mzima. Tumboni hutumia himoglobini ya kichanga, ambayo haina kasoro hiyo, na huendelea kuwa nayo kwa miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Inapopungua, ndipo vidole huvimba na kilio kisichokoma huanza. Dawa ya haidroksiurea hufanya kazi kwa kuuamsha mwili utengeneze tena himoglobini ile ya utotoni.

Kwa kuwa mtoto alizaliwa salama, jamaa huanza kutafuta mchawi, au lawama zote humwangukia mama. Vinasaba vinasema vingine. Mtoto hawezi kuzaliwa na nakala mbili bila baba na mama kutoa moja moja. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja iliyobadilika, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa, hata kama waliotangulia wote ni wazima.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na kipimo chake huhitaji damu kidogo tu. Wachumba, pimeni damu kabla ya kupanga harusi. Na ukisikia kwamba mtoto wa jirani amerogwa, uliza kwanza kama damu yake imepimwa.