Una hela ya Mjerumani nyumbani? Soma hapa kabla hujaiuza

Kila unaposema "sina hela", unataja sarafu ya Mjerumani. Neno hilo limetokana na heller, sarafu ndogo ya shaba iliyoanza kutumika huku kwetu mwaka 1904, heller 100 zikiwa rupia moja. Mjerumani aliondoka zaidi ya miaka 100 iliyopita. Neno limebaki, na sarafu zenyewe bado zinaokotwa.

Kwa mtu wa Msimbu, Maneromango au Kisarawe mjini, si ajabu jembe kuibua moja shambani, au kuikuta kwenye sanduku la bibi. Mwaka 1898 utawala wa Kijerumani ulianza kudai kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Mwanzoni iliwezekana kulipa hata kwa mazao, baadaye ikatakiwa fedha taslimu. Mtu alilazimika kuitafuta rupia apende asipende, ndiyo maana sarafu hizi zilifika mpaka vijijini ndani kabisa.

Sasa swali ambalo kila aliyeokota huuliza: ina thamani gani?

Jibu la kweli ni kwamba nyingi hazina bei kubwa. Heller 1 zilitengenezwa kwa mamilioni, na huko nje wakusanyaji wanazinunua kwa dola chache tu. Rupia ya fedha, ile yenye picha ya Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye ndege juu, ina gramu 11.66 na karibu yote ni fedha halisi, kwa hiyo hiyo ina bei nzuri zaidi. Ukikuta ya rupia 2, ya mwaka 1893 au 1894, tulia kabisa. Ni adimu.

Lakini sarafu zenye hadithi nzito kuliko zote hazikutoka Ujerumani. Zilitengenezwa Tabora.

Kule Marekani watu hutafuta sarafu za zamani hata kwenye maonesho ya bunduki, meza ya silaha ikiwa jirani na meza ya sarafu. Kwetu maonesho hayo hayapo, ila tuna kitu kinachounganisha bunduki na sarafu kuliko hapo: hela iliyotengenezwa kwa maganda ya risasi na mizinga.

Ilikuwa hivi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za kivita za Waingereza ziliziba pwani. Sarafu zilizokuwa zikija kutoka viwanda vya Berlin na Hamburg zikakatika. Askari wanataka mshahara, wapagazi wanataka posho, wauza chakula hawataki karatasi. Mwaka 1916 Wajerumani wakafunga mitambo pale Tabora, wakitumia vifaa vya reli, na kuanza kugonga sarafu zao wenyewe. Madini walipata wapi? Maganda ya risasi na mizinga yaliyokwisha kutumika ni shaba, basi yakayeyushwa.

Zikatoka heller 5 na heller 20. Zitambue hivi: upande mmoja kuna taji, herufi D.O.A. na mwaka 1916, upande wa pili kuna namba. Tafuta pia herufi ndogo T, yaani Tabora. Picha ya Kaisari hakuna. Nyingi zimekaa vibaya, maandishi yamefifia au yameegemea upande, na hilo si kasoro. Zilitengenezwa kwa haraka vitani. Za heller 20 ziko nyingi, zaidi ya milioni moja, kwa hiyo usitegemee kujenga nyumba kwa moja.

Yenye pesa hasa ni ya dhahabu: rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Singida. Zilitengenezwa 16,198 tu, kabla Wabelgiji waliotokea Kongo hawajaiteka Tabora Septemba 1916. Leo moja iliyo safi inauzwa maelfu ya dola. Uzito wake ni gramu 7.17, na sonara yeyote mwenye mizani nzuri anaweza kukupimia. Ikipungua au kuzidi sana, una feki mkononi, na feki za tembo huyu zipo nyingi.

Hapa ndipo watu wanapigwa. Dalali anakuja, anapiga picha, anakwambia kuna Mzungu Dar anatoa milioni 200, ila toa kwanza laki tatu za "kupima". Mnunuzi wa kweli hakutozi hela ili akununulie kitu. Wengine wanakuja na punje za mchele, eti sarafu yenye nguvu inavuta mchele. Ujanja huu umeliza watu mpaka India. Shaba haivuti mchele, fedha haivuti, dhahabu haivuti. Ukiona punje imesogea, angalia mkono wa aliyeishika.

Kosa jingine ni kusugua. Usitumie majivu, limau, mchanga wala stiliwuli. Mkusanyaji analipia ile rangi ya uzee, na ukiing'arisha bei inaweza kushuka nusu au zaidi hapo hapo. Iweke kwenye karatasi kavu, piga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa mchana na rula pembeni, kisha linganisha bei za minada iliyokwisha kufanyika, siyo bei ambazo muuzaji anatamani.

Ukikuta za zamani zaidi, mfano vile visarafu vya shaba vya masultani wa Kilwa, hiyo ni habari nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo hapo unatoa taarifa, huuzi kienyeji.

Halafu kuna ile shilingi yenye simba, ya mkoloni Mwingereza. Wengi wanaitupa. Angalia mwaka: za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha halisi ndani yake. Kuanzia 1948 fedha iliondolewa kabisa, hizo unaweza kumpa mtoto achezee.