Dini inapofanywa bendera: Sri Lanka na Kaya Bombo

Juzi barazani hapa Ukunda, baada ya swala ya isha, kijana mmoja alituonyesha kwenye simu picha za Aluthgama, mji wa pwani ya Sri Lanka ulio karibu na mahoteli ya watalii, mfano wa Diani yetu. Mwezi Juni 2014, baada ya mkutano wa Bodu Bala Sena, kundi linaloongozwa na watawa wa Kibudha, maduka na nyumba za Waislamu zilichomwa huko na watu wakauawa. Kijana akauliza: dini inayosifika kwa kutoua hata mdudu imefikaje hapo? Mzee mmoja akamjibu, makafiri ndivyo walivyo.

Jibu hilo halikuniridhisha, na sababu yangu iko hapa hapa Kwale. Lakini kwanza tuitazame Sri Lanka.

Chini ya Mwingereza, elimu ya misheni na kazi za serikali ziliwaendea waliojua Kiingereza. Wasinhala wa dini ya Kibudha, ambao ndio wengi nchini, walijiona wameachwa nyuma kwao wenyewe. Nchi ilipopata uhuru 1948, uchungu huo ulikuwa bado moto. Mwaka 1956 S.W.R.D. Bandaranaike akaushika, akashinda uchaguzi akisaidiwa na watawa, na Kisinhala kikafanywa lugha pekee ya serikali. Watamili, wengi wao Wahindu, wakajikuta kama wageni katika nchi waliyozaliwa. Alipotaka kuelewana nao, watawa wakaandamana hadi nyumbani kwake, naye akarudi nyuma. Septemba 1959 alipigwa risasi, na aliyempiga alikuwa mtawa. Katiba ya 1972 ikaupa Ubudha nafasi ya mbele kuliko dini nyingine. Vita vilianza 1983 na havikwisha hadi 2009.

Angalieni mpango wenyewe: malalamiko ya kweli, kisha mwanasiasa, kisha kitu kitakatifu, kisha swali la nani mwenyeji na nani mgeni. Sisi tuliupitia 1997.

Nilikuwa kidato cha tatu. Wadigo karibu sote ni Waislamu, lakini kaya hatukuzitupa. Ni misitu ya mababu, ina fingo lililozikwa na wazee wa ngambi wanaoitunza, na hata nyumba zenye mashekhe hazikukata mti wa kaya ovyo. (Wako wanaosema yote hayo ni shirki. Mjadala huo una siku yake.) Malalamiko nayo hayakuwa ya kubuni: mashamba bila hati, viwanja vya ufuoni kugawiwa wakubwa, kazi za hoteli na bandari kwenda kwa wengine.

Uchaguzi ulikuwa Desemba. Miezi kabla yake, vijana walipelekwa Kaya Bombo wakalishwa kiapo. Waliambiwa risasi haitawaingia, kwamba watu wa bara wakiondoka majimbo yatakuja, na ardhi na kazi zitarudi kwa wenyewe. Usiku wa tarehe 13 Agosti wakavamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua bunduki, halafu ghasia zikasambaa hadi kusini. Watu kama mia moja waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakakimbia. Watu wa bara wengi waliaminika kuwa wapiga kura wa upinzani. Tume ya Akiwumi, iliyoundwa 1998, ilisikiliza ushahidi uliowagusa wanasiasa wa chama tawala, lakini ripoti yake wananchi hawakuiona hadi 2002.

Jirani yetu alikuwa fundi wa kushona kanzu, Mkamba aliyesilimu kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa akiswali safu moja na babangu. Naye pia alikimbia, maana kiapo hakikuuliza mtu anaswali au haswali. Kwa hivyo anayesema vurugu zile zilikuwa za kuutetea Uislamu wa Pwani hazijui. Na ardhi? Watalii walikimbia, mahoteli ya Diani yakafunga milango au yakapunguza watu, na vijana wetu wakarudi nyumbani bila kazi. Hati hazikuja.

Miaka kumi na moja baadaye, 2008, UNESCO ikaziingiza kaya za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, Kaya Kinondo ikiwa mojawapo. Kaya Bombo haimo. Leo Kenya inajivunia misitu hii, na mgeni akija Kinondo hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia. Ni heshima, nami nafurahi. Ila nchi inapenda kuisimulia kaya ya utalii, na ile ya kiapo haitajwi hata na sisi wenyewe. Na 2027 hiyo inakuja. Tayari matangani nimeshasikia mtu akiuliza maikrofoni mkononi: nani mwenyeji hapa?

Haya ndiyo niliyowaeleza barazani. Mzee alinyamaza, akarekebisha kofia yake. Kijana akauliza kama yule fundi alirudi.

Alirudi mara moja, mwaka uliofuata. Alikuja kumlipa babangu shilingi mia mbili alizokuwa akidaiwa, akaswali naye adhuhuri, akapanda matatu ya Likoni siku hiyo hiyo.