Istilahi za Umakanika na Hesabu ya Mteremko wa Salgaa

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi istilahi chache za umakanika zinavyofanya kazi ndani ya hesabu kamili, wala si ndani ya orodha. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania liliundwa mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kwa hiyo hatuwezi tena kulalamika kwamba maneno hayapo. Kinachokosekana ni hesabu zilizofanywa hatua kwa hatua, ambamo maneno hayo hulazimika kukutana. Katika orodha, maneno mawili yaweza kupewa maana moja bila mtu kudhurika. Katika mlinganyo, kosa hilo hutokea kwenye jibu.

Mfano wetu tutauchukua katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, mahali inapopanda kupitia Salgaa na Sachangwan kuelekea Mau Summit. Malori yatokayo Uganda na nchi za mbele yake huteremka hapo yakielekea Nakuru na pwani. Ajali za mteremko huu zajulikana kote nchini. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana karibu na Migaa, na watu zaidi ya 30 wakafa. Miongoni mwa mambo ambayo madereva wameonywa juu yake kwa miaka mingi ni desturi ya kutoa gia na kuliacha gari lijiendee, ili kuokoa mafuta. Wenyewe husema wanaliweka gari fri.

Sasa tutunge swali. Lori lenye tungamo la kilo 30,000 lateremka kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Katika kila mita 20 za barabara, mteremko washuka mita 1. Dereva atoa gia wala hakanyagi breki. Tuchukulie kwamba msuguano wa magurudumu ni sehemu 1 katika 100 ya uzito, na tuuache upinzani wa hewa. Je, baada ya kilomita 1 lori litakuwa na kasi gani?

Uzito wa lori ni tungamo mara mchapuko wa mvutano wa dunia, ambao kwa wepesi wa hesabu tutausema ni 10: 30,000 × 10 = nyutoni 300,000. Sehemu ya uzito inayolivuta lori kufuata mteremko ni 300,000 ÷ 20 = nyutoni 15,000. Msuguano ni nyutoni 3,000, nao huvuta kinyume. Kani inayobaki ni 15,000 − 3,000 = nyutoni 12,000. Mchapuko wa lori basi ni 12,000 ÷ 30,000 = 0.4, kwa mita na sekunde. Mraba wa kasi ya mwisho ni mraba wa kasi ya kwanza ukijumlishwa na mara mbili ya mchapuko mara umbali: 100 + 2 × 0.4 × 1,000 = 900. Kipeuo chake cha pili ni 30. Lori lililoanza na kilomita 36 kwa saa sasa lina kilomita 108.

Msomaji na ajaribu kuifanya hesabu hii upya kwa Kiswahili cha kila siku, ambamo uzito ni uzito tu na nguvu ni nguvu tu. Hatua ya kwanza itasema kwamba nguvu ya uzito ni uzito mara kumi. Hatua ya mchapuko itasema kwamba tugawanye nguvu kwa uzito. Mwanafunzi mwangalifu atauliza: uzito upi, wa nyutoni au wa kilo? Na hilo ndilo swali lenyewe la Newton. Uzito huvuta; tungamo hukataa kubadilishwa mwendo. Lori hilo hilo likifika mizani ya Gilgil, mizani huhisi kani inayoikandamiza, lakini husomeka kwa kilo. Ndiyo maana lugha ya kila siku haijaona haja ya kuyatenga mambo haya mawili.

Faida ya kuyatenga yaonekana tukibadilisha mzigo. Badala ya tani 30 tuweke tani 56, ambazo ni kikomo cha sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti mizigo ya magari. Jibu la kasi halibadiliki hata kidogo. Wanafunzi wengi hushangaa hapa, kwa kuwa wamezoea kusikia kwamba gari zito hushuka mbio zaidi. Kinachotokea ni kwamba uzito umeongezeka na tungamo limeongezeka kwa kiasi kile kile, basi vinafutana. Mwenye neno moja hawezi kuona vitu viwili vikifutana.

Lakini asije mtu akadhani kwamba mzigo haujalishi. Kani ya nyutoni 12,000 ikisukuma kwa mita 1,000 imefanya kazi ya jouli 12,000,000. Kama dereva angetaka kubaki na kasi yake ya kwanza, nishati hiyo yote ingebidi iondolewe na injini na breki, igeuke joto. Kwa lori la tani 56 ni jouli 22,400,000. Tukitazama wakati nao, twafika kwenye neno nguvu. Kulizuia lori la kwanza lisizidi mita 10 kwa sekunde kwahitaji nguvu ya 12,000 × 10 = wati 120,000; kulizuia lisizidi mita 30 kwahitaji wati 360,000. Gia ikiwamo, injini huchukua sehemu ya mzigo huo. Gia ikitolewa, wote waziangukia breki, nazo zikipata joto kupita kiasi msuguano wake hupungua.

Nimelitumia neno nguvu kwa maana hii ya mwisho tu, na nadhani ndiyo njia iliyo bora. Mafundi wa magari wamekuwa wakisema nguvu za farasi tangu zamani, na wati ni kipimo cha jambo lile lile. Kani laweza kubaki kwa msukumo na mvuto. Wapo wanaolilaumu neno hili kwa kuwa maana yake ya kale yaelekea ubishi na ukaidi. Mimi naona ukaidi si sifa mbaya kwa kitu kinachosukuma. Msuguano, kwa upande wake, ni neno lililoundwa vizuri kuliko yote haya, kwani kiambishi -an- chasema waziwazi kwamba vitu viwili vyasuguana, wala hakuna kimoja kisuguacho peke yake. Kazi ndilo neno gumu. Mchukuzi aliyesimama sokoni Nakuru na gunia la viazi kichwani, akimngojea mwenye mali, hafanyi kazi yoyote kwa maana ya umakanika, na hakuna mwalimu atakayemshawishi mchukuzi huyo. Velositi siikatai, ila katika hesabu yetu kasi yatosha. Velositi itahitajika barabara itakapopinda.

Huenda mtu akauliza haya yana haja gani nchini Kenya, ambako fizikia na hisabati hufundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili kimekuwa somo la lazima la mtihani tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya lugha rasmi, lakini hakikuingia katika chumba cha fizikia. Hata hivyo anayeshika usukani pale Salgaa aghalabu hufundishwa, huonywa na hukemewa kwa Kiswahili. Mhandisi aliyesomea Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, anayo hesabu nzima. Dereva anayo amri tu kwamba asitoe gia, bila sababu yake. Sababu ni zile wati 360,000.

Limebaki neno moja ambalo sijaliona katika orodha yoyote, nalo ni la kitendo cha injini kulizuia gari likiwa katika gia ndogo. Napendekeza kushika kwa gia, mpaka madereva wenyewe watuonyeshe walitumialo.