Amri, Sarufi na Saa: Kiswahili katika Usimamizi wa Seva za Ofisi Mjini Kisumu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii yafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila chumba cha seva. Katika ofisi nyingi za Kisumu na miji mingine ya ufuo wa Ziwa Viktoria, kama vile Homa Bay na Mbita, imo tarakilishi moja ambayo wafanyakazi wengi hawaioni. Mara nyingi haina kioo wala kipanya. Imefungiwa katika chumba kidogo chenye feni, nayo ndiyo ihifadhiyo mishahara, barua, hesabu za samaki walioletwa ufuoni na majina ya wagonjwa. Hiyo ndiyo seva. Anayeisimamia huzungumza nayo kwa maandishi matupu, mstari baada ya mstari, naye huitwa kila jambo linapoharibika.

Makala haya yanafafanua jinsi mazungumzo hayo yanavyofanyika, na kueleza ni kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuyatilia maanani. Hoja inayotetewa ni kwamba makosa mengi ya usimamizi wa seva ni makosa ya lugha: mpaka wa neno uliokosewa, kitenzi chenye maana mbili, au saa iliyohesabiwa kwa desturi tofauti. Makosa ya aina hii hayawezi kuzuiwa na mwongozo wa Kiingereza peke yake, kwa kuwa mwandishi wake hakuwa na Mswahili akilini.

Asili ya mstari wa amri

Mfumo wa Unix ulianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson pamoja na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, alitoa Linux, ambayo imejengwa kwa mtindo huo huo na ndiyo iendeshayo seva nyingi leo. Mwaka 1995 Tatu Ylönen alibuni ssh, yaani njia ya kuingia katika tarakilishi ya mbali huku maneno yote yakisafiri kwa fumbo. Kabla yake, nywila ilipita mtandaoni ikiwa wazi kama barua isiyo na bahasha.

Kwa Kenya, mtindo huu wa maandishi ulikuwa na manufaa ya pekee. Kabla ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya nchi ilitegemea setilaiti zilizoko umbali wa takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kila swali lilichukua kama nusu sekunde kwenda na kurudi jibu lake. Picha zilichelewa na kukwama, ilhali herufi chache zilipita. Hata leo, msimamizi aliye Kisumu akitaka kuikagua seva iliyoko Mbita kwa mtandao wa simu ulio dhaifu, mstari wa amri humfikisha pale ambapo madirisha ya rangi hushindwa.

Sarufi ya amri

Amri ya seva ina muundo unaofanana na sentensi ya Kiswahili ya kuamuru. Kwanza huja kitenzi, kisha vielezi vyake, halafu yambwa. Katika amri df -h /home, df ni kitenzi kiulizacho nafasi iliyobaki katika diski. Kisha -h ni kielezi kiombacho jibu lenye vipimo visomekavyo na binadamu. Nayo /home ni yambwa, mahali panapoulizwa.

Hata hivyo, zipo tofauti mbili kubwa. Kiswahili kina daraja za adabu. Mtu husema "futa", "ifute", "uifute" au "naomba uifute", na kila umbo hubeba uhusiano wa wasemaji. Mashine haijui dhamira tegemezi wala haitambui ombi; kila inachoambiwa ni amri kamili. Pili, binadamu akiambiwa jambo lisiloeleweka huuliza. Seva hutenda sehemu iliyoielewa, kisha hulalamikia iliyobaki.

Mfano ufuatao unadhihirisha hatari hiyo. Karani ana saraka mbili: moja inaitwa ripoti, yenye kazi ya mwaka huu, na nyingine inaitwa ripoti za kale. Akitaka kuiondoa ile ya pili, akaandika rm -r ripoti za kale, seva haisomi jina moja. Inasoma yambwa tatu: ripoti, za, na kale. Itaifuta saraka ya ripoti pamoja na kazi yote ya mwaka, kisha itaeleza kwamba haikuona kitu kiitwacho za wala kiitwacho kale. Saraka iliyokusudiwa itabaki salama. Katika mstari wa amri hakuna pipa la taka ambamo mtu anaweza kuokota alichokitupa.

Mwanafunzi wa isimu atatambua kwamba hapa pana suala la mpaka wa neno. Kiswahili huandika "ripoti za kale" kwa maneno matatu, na seva huichukua nafasi tupu kuwa mpaka wa yambwa. Dawa ni kuyafunga maneno kwa alama za nukuu, au kuyaunga tangu mwanzo kwa kistari cha chini, kama ripoti_za_kale. Zaidi ya hayo, msimamizi mwenye busara hutanguliza ls kabla ya rm, kwa yambwa zile zile, ili aone kwa macho kitakachofutwa. Vilevile, seva za Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo Ripoti na ripoti ni watu wawili.

Saa ya Waswahili na saa ya seva

Kazi nyingi za seva hufanyika usiku, ofisi zikiwa zimefungwa. Hupangwa kwa cron, ambayo husoma safu tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, na siku ya juma. Hapa ndipo Kiswahili na seva hugongana waziwazi.

Tuseme mkuu wa ofisi ameagiza nakala za hesabu zichukuliwe "saa mbili usiku". Msaidizi aandikapo 0 2 * * *, kazi itafanyika saa nane usiku, kwa kuwa seva huanza kuhesabu saa zake usiku wa manane nasi huzihesabu tangu kucha na tangu kuchwa. Maandishi sahihi ni 0 20 * * *. Kanuni ni nyepesi: saa za mchana huongezwa sita, saa moja hadi saa tano za usiku huongezwa kumi na nane, saa sita ya usiku ni sifuri, na saa saba hadi saa kumi na mbili alfajiri hupunguzwa sita.

Tatizo la pili limejificha zaidi. Seva nyingi huwekwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Katika seva ya namna hiyo, hata ile 20 iliyo sahihi itaamka saa tano usiku wa Kisumu. Amri timedatectl huonyesha seva inafuata saa gani, nayo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi huirekebisha.

Tatizo la tatu liko katika majina ya siku. Kiswahili huhesabu juma kuanzia Jumamosi, ambayo ni siku ya kwanza. Ndiyo maana Jumatatu ina "tatu" ndani yake na Jumatano ina "tano". Cron huhesabu kuanzia Jumapili, nayo huipa sifuri. Kwa hiyo anayeandika 3 akidhani ameipanga Jumatatu, ameipanga Jumatano. Naye anayeandika 5 kwa ajili ya Jumatano, amepata Ijumaa. Hakuna mwongozo wa Kiingereza unaoweza kumwonya msomaji juu ya mtego huu, kwa sababu kwa Kiingereza mtego wenyewe haupo.

Vitenzi vyenye maana nyingi

Mara nyingi msimamizi hayuko ofisini. Hupiga simu na kumwelekeza aliyepo, na katika Kisumu mazungumzo hayo huchanganya Kiswahili, Dholuo na Kiingereza bila mpaka. Kitenzi "funga" huwa na hatari hapo. "Ifunge hiyo seva" yaweza kumaanisha kuifunga kwa nywila, kukata mawasiliano nayo, au kuizima kabisa. Maana ya kwanza hutimizwa bila mtu yeyote kudhurika. Ya pili hutimizwa kwa exit, na seva huendelea na kazi yake. Ya tatu hutimizwa kwa shutdown, na ofisi nzima husimama. Tena, seva iliyozimwa kutoka mbali haiwezi kuwashwa kwa ssh, kwa kuwa hakuna wa kuitikia hodi. Sharti mtu aende hadi ilipo.

Busara ni kuchagua istilahi moja kwa kila tendo na kuishikilia: "toka" kwa exit, "zima" kwa shutdown, "washa upya" kwa reboot. Istilahi zilizokubaliwa na kuandikwa ukutani karibu na simu zina faida kuliko ufasaha.

Baada ya umeme kurudi

Kukatika kwa umeme ni jambo lijulikanalo na kila mkazi. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliingia katika kituo cha umeme cha Gitaru na kuangukia transfoma, nchi nzima ikakosa umeme. Na mwezi Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi. Kisumu, pamoja na hayo, ina radi za ziwa.

Umeme unaporudi, msimamizi huuliza maswali machache kwa utaratibu. Amri uptime humwambia seva imekuwa macho kwa muda gani. Ikiwa ni dakika chache, basi ilianguka. Amri journalctl -b -1 humsomea kumbukumbu za uhai uliotangulia hadi sentensi ya mwisho, mradi kumbukumbu hizo zimehifadhiwa diskini. Amri systemctl --failed huorodhesha huduma zilizoshindwa kuamka. Amri df -h huhakikisha kwamba diski haijajaa, kwani diski iliyojaa huzuia hata huduma zilizo nzima. Haraka ya kuwasha upya mara ya pili na ya tatu, bila kusoma, hufukia sababu ya tatizo.

Chelezo

Neno "chelezo" ni la watu wa maji. Ni kitu kieleacho, kama boya, na pia ni mahali pa kutengenezea vyombo. Wakazi wa Kisumu wanaijua kazi hiyo tangu SS William Mackinnon, meli iliyoletwa kwa vipande kutoka Uingereza, ilipoungwa na kushushwa majini hapo mwaka 1900. Baadhi ya wanaoswahilisha istilahi za tarakilishi wamelitumia neno hili kwa nakala ya akiba, nalo limekaa vizuri: chombo kikizama, kuna kinachoelea.

Amri itumikayo sana ni rsync. Amri rsync -avn huonyesha kitakachonakiliwa bila kunakili chochote. Ikiondolewa herufi n, kazi hufanyika. Chelezo kisikae chumba kimoja na seva. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda na kufurika fuo nyingi. Nakala iliyo juu ya meza ile ile huloa pamoja na asili yake. Aidha, chelezo kisichowahi kurejeshwa kwa majaribio ni matumaini tu.

Hitimisho

Kuna wanaopendekeza amri zenyewe zitafsiriwe, rm iwe futa na ls iwe orodhesha. Pendekezo hilo lina mvuto, lakini amri ni majina ya kimataifa, na msimamizi aliyezoea majina ya Kisumu pekee atapotea mbele ya seva nyingine yoyote. Kinachohitaji Kiswahili ni maelezo, maonyo na istilahi za mazungumzo. Njia ilikwisha kufunguliwa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na mifumo ya Linux ina mpangilio uitwao sw_KE unaozitaja siku na miezi kwa Kiswahili. Ujumbe mwingi wa makosa, hata hivyo, bado hutoka kwa Kiingereza.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo imewapa wenye ofisi jukumu la kuzitunza taarifa za watu. Mambo haya mawili hukutana katika kile chumba chenye feni. Ofisi ambayo ujuzi wake wote umo kichwani mwa mtu mmoja iko hatarini siku mtu huyo atakapougua au kuhama. Kurasa mbili za Kiswahili sanifu, zenye amri kumi, saa zilizogeuzwa na vitenzi visivyo na utata, zinatosha kumfanya karani wa zamu aiokoe kazi ya mwaka. Kuziandika ni kazi ya mtaalamu wa tarakilishi akishirikiana na mwanafunzi wa Kiswahili, kwa maana mmoja anajua seva itafanya nini, na mwingine anajua msomaji ataelewa nini.